UZI: Mtoto njiti akitoka nasari ndio kliniki inaanza, tafadhali someni

MamaJabali_Donholm

Wamama na wababa wa hapa, hii kitu imenikaa kwa roho muda mrefu, leo wacha niiandike yote. Kila mara mtu akisema hapa mtoto wake njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, ametoka nasari, ile wodi ya watoto wachanga hospitalini, watu wanaandika amina, hongera, Mungu ni mkuu, na mimi pia naandikanga amina na naimaanisha. Halafu uzi unaisha hapo. Hakuna mtu anamuuliza huyo mama macho yamechekiwa? Masikio je? Umepewa tarehe ya kurudi ama umepewa tu mtoto na risiti? Wengi wa hawa watoto tunawapotezea kati ya geti ya hospitali na kliniki ya mtaa, hapo katikati hakuna mtu anawafuata.

Wangu alizaliwa wiki 29, kilo moja na gramu mia moja. Sasa ana miaka mitatu na anaona vizuri, na hiyo naishukuru kwa sista mmoja wa zamu ya usiku aliyeandika tarehe ya macho na kalamu nyekundu nyuma ya kitabu cha kliniki akaniambia mama, hii tarehe uje hata kama kunanyesha mvua ya mawe.

Naanza na macho kwa sababu macho hayangoji. Mtoto akiwa tumboni mishipa ya damu ya nyuma ya jicho inakua polepole na inafika mwisho karibu na zile wiki 40. Ukizaa wiki 28, 29, 30, mishipa bado haijafika, na huku nje, na oksijeni, na kuugua ugua, inaweza kuanza kuota vibaya ikavuta ile ngozi ya nyuma ya jicho yenye inanasa picha mpaka ibanduke. Ikishabanduka hapo miwani haisaidii. Na kwa nje huoni kitu jamani! Jicho ni safi, jeusi, linang'aa, hakuna usaha hakuna wekundu, mtoto anakuangalia tu. Ni daktari wa macho peke yake anaweza kuona, tena ule amesomea watoto wachanga, na lazima aone kwa wakati wake. Cheki ya kwanza huwa kati ya wiki ya 4 na ya 6 baada ya kuzaliwa. Sasa piga hesabu, hiyo wiki ya tano watoto wengi wa kilo na nusu wameshatoka wako nyumbani, na mama anajua kitu inamngoja ni chanjo pekee.

Mwenye ana mtoto wa chini ya wiki 32 ama chini ya kilo moja na nusu, na hata ule mkubwa kidogo lakini aligonjeka sana akakaa kwa oksijeni, usiulize kama anahitaji. Uliza tu ni lini na ni wapi. Haya, wengine ongezeni.

Kanini_K

Dada asante kwa kuanzisha hii. Mtoto wa dada yangu alitoka hospitali moja hapa Nairobi, sitaitaja, akiwa kilo 1.8 na amenona, tukafanya sherehe. Karatasi ya kutoka ilikuwa imeandikwa kilo, dawa ya matone na "arudi kliniki". Kliniki gani? Tukaenda ya karibu, wakapima uzito wakadunga chanjo wakasema mtoto ako poa. Akiwa miezi kama mitano mama yake akaanza kusema huyu mtoto hanifuati na macho, nikimpitishia leso mbele ya uso hashtuki, lakini nikiongea anageuka haraka sana. Kufika kwa daktari wa macho akaangalia, akanyamaza, akaangalia tena, akasema hii ingeshikwa mapema ingetibika.

Leo ana miaka sita, msichana mwerevu sana, ako shule ya wasioona na anasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi nasoma gazeti. Tunampenda hivyo alivyo. Lakini mama yake hajawahi kuambiwa na mtu yeyote neno "macho" siku ile anatoka. Neno moja tu. Hiyo ndio inaniuma.

Otis_Umoja2

Pole sana Kanini. Lakini naomba kuuliza bila ubaya, kwani oksijeni si ndio inaokoa hawa watoto? Sasa inawezaje kuwa hiyo hiyo ndio inaharibu macho?

SistaWaNasari

Ndugu Otis swali zuri, wacha nijibu, mimi ni nasi wa nasari kwa miaka mingi. Oksijeni inaokoa, mtoto wa wiki 28 mapafu yake bado hayajakomaa na bila hiyo hatufiki asubuhi. Shida ni ikizidi. Zamani, miaka ya 1940 huko Marekani na Ulaya, walianza kuwapa njiti oksijeni nyingi ndani ya inkubeta, watoto wakapona halafu wakawa vipofu maelfu kwa maelfu na hakuna aliyejua ni nini. Daktari Terry wa Boston ndiye alieleza huo ugonjwa mara ya kwanza 1942, na ikachukua mpaka 1954 hivi ndio utafiti ukaonyesha ni oksijeni. Stevie Wonder mnayemjua, yule mwanamuziki kipofu, alizaliwa 1950 kabla ya miezi yake, akawekwa inkubeta, macho yakaenda hivyo.

Sasa siku hizi tunapimia. Kuna kale kawaya kanafungwa kwa mguu ama mkono wa mtoto kanaonyesha kwa mashine namba ya oksijeni iliyo kwa damu, kwa njiti aliye kwa oksijeni tunataka ikae kati ya 90 na 95. Mama akiona 99 anafurahi anafikiria mtoto amepona, na mimi nakimbia kupunguza. Kwa hivyo mkiona sista anapunguza oksijeni msigombane naye, analinda macho. Lakini hata ukipimia vizuri kuna watoto bado watapata kwa sababu walizaliwa wadogo sana, ndio maana cheki haiepukiki.

Hiyo cheki yenyewe wazazi wanaiogopa kwa hivyo wacha niseme vile inaenda. Mtoto anawekwa matone ya kupanua mboni, mnangoja kama nusu saa hadi saa moja, halafu anafungwa vizuri na shuka mikono ikiwa ndani, daktari anaweka kitu kidogo cha kushikilia kope zisifunge na anaangalia na taa ya kichwani. Mtoto atalia, tena sana. Tunampa maziwa ya mama kidogo ama maji ya sukari kwa ulimi tu kupunguza uchungu, na hayo muachie hospitali, usimpe nyumbani. Inachukua dakika chache. Ikikuwa sawa bado unaweza kuambiwa rudi wiki moja ama mbili, na utarudi tena na tena mpaka mishipa ikomae, na hapa ndio wengi wanaacha, wanasema ya kwanza ilikuwa sawa si basi. Hapana. Ya kwanza kuwa sawa haimaanishi ya tatu itakuwa sawa. Ikipatikana mbaya kuna leza ama sindano ya ndani ya jicho, na ikifika hapo tunahesabu siku mbili tatu mtoto awe ametibiwa, sio "nitakuja mwisho wa mwezi nikipata pesa".

Masikio pia. Hawa watoto wanadungwa gentamisini, ile dawa ya maambukizi, wengine walipata jondisi kali, yaani ugonjwa wa manjano, wengine walikaa kwa ventileta, mashine ya kupumulia, yote hiyo inaweza kugusa masikio. Kipimo ni rahisi, wanaweka kitu kidogo kwa sikio mtoto akiwa amelala. Mlango ukigongwa akishtuka usiseme basi anasikia, anaweza kuwa anasikia mlango na hasikii maneno.

MzeeKariobangi

Wanangu nawasoma tu. Mimi mwenyewe nilizaliwa kabla ya wakati, mama yangu alinifunga na blanketi karibu na moto huko shags, hakuna mashine hakuna daktari wa macho, na nko hapa naandika na nina zaidi ya miaka sitini. Nyinyi wa siku hizi mnatishana sana. Mtoto anahitaji maziwa, joto na maombi.

MamaJabali_Donholm

Mzee shikamoo, na tunashukuru Mungu kwa maisha yako. Maziwa, joto na maombi nakubali yote matatu. Lakini angalia hivi mzee wangu. Wakati huo ule mtoto aliyezaliwa mapema akaishi ni yule alikuwa amekaribia, wiki 34, 35 hivi, ako na nguvu ya kunyonya. Wale wa kilo moja hatukuwajua kwa sababu walizikwa siku hiyo hiyo na mama akaambiwa nyamaza utapata mwingine. Sasa hivi wa kilo moja wanaishi, ni jambo la kushukuru sana, na ndio hawa hawa macho na masikio na ubongo wao haujamaliza kuundwa. WHO walisema mwaka wa 2020 peke yake watoto kama milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani, karibu mmoja kwa kila kumi. Tumejifunza kuwaokoa. Ni kuwafuata baadaye ndio hatujajipanga.

MzeeKariobangi

Hapo umenijibu vizuri. Nina mjukuu Dandora alizaliwa mwezi uliopita kilo 1.4, nimempigia mama yake sasa hivi nimuulize hayo ya macho.

BabaWaGithurai

Nikiwa mwanaume niseme yangu kuhusu joto vile mzee ametaja. Sisi tulikuwa tumefunzwa kangaruu wodini, na bibi alipofika nyumbani alikuwa amechoka, kidonda cha oparesheni hakijapona, kwa hivyo usiku ilikuwa zamu yangu. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu, unamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuka upande ndio apumue, miguu imekunjwa, halafu unamfunga na leso imara ipite chini ya sikio lake, na juu unavaa shati lako lenye vifungo ama sweta. Wewe unalala umeinuliwa na mito, sio chali kabisa. Siku ya kwanza niliogopa hata kukohoa. Baada ya wiki nilikuwa naenda naye mpaka dukani ndani ya koti na watu hawajui nko na mtu.

Majirani waliongea, eti mwanaume gani huyu amefunga mtoto kifuani. Wacha waongee. Hii kitu ilianza Bogota, Colombia, mwaka wa 1978, daktari Rey Sanabria aliona inkubeta hazitoshi watoto wanalazwa wawili watatu kwa moja na wanaambukizana, akasema basi mama awe inkubeta. Na WHO mwaka wa 2022 wakaandika kabisa kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Wababa, tunaweza. Kifua chako kina joto sawa na cha mama yake.

Kitu moja naomba sana, watu wa nyumba za mabati na single rumu, msiweke jiko la makaa ndani usiku ndio mtoto apate joto. Ule moshi hauonekani na unaua nyumba nzima. Mwezi wa saba hapa Nairobi baridi ikizidi mfunge kifuani, ongeza kofia, basi. Na chupa za maji moto kando ya mtoto pia zimechoma wengi.

Wanja_Ruai

Nimelia nikisoma. Wangu ana miezi sita, alizaliwa wiki 29 pia. Jana kliniki ya mtaa wamenigombeza mbele ya watu eti mtoto hajafikisha kilo za umri wake, hakai, mama unalisha huyu mtoto kweli? Nilirudi nyumbani nikiwa nimevunjika kabisa. Mtoto wa jirani wamelingana miezi na tayari anakaa akishikwa na anashika kijiko. Sijui kama nina shida ama mtoto ndio ana shida.

MamaJabali_Donholm

Wanja dada yangu, pole, na hauna shida. Sikiza. Ulizaa wiki 29, hizo ni wiki 11 kabla ya 40. Miezi sita ni kama wiki 26. Toa 11 unabaki na 15. Kwa ukuaji mtoto wako ni wa miezi mitatu na nusu hivi, na mtoto wa miezi mitatu na nusu nani anamtarajia akae? Hiyo ndio tunaita umri uliorekebishwa na unatumika kwa uzito, kwa kukaa, kutambaa, kuongea, mpaka afike miaka miwili. Ile chati ya kitabu cha kliniki imechorwa na watoto wa miezi kamili, ukiweka njiti hapo na tarehe ya kuzaliwa lazima aanguke chini ya mstari.

Fanya hivi, chukua kalamu uandike kwa gamba la kitabu, juu kabisa, kubwa: AMEZALIWA WIKI 29, na chini yake tarehe ile ulikuwa ujifungue. Kila ukifika kliniki hata kabla ya salamu onyesha hapo. Wale wasista wana laini ya watu hamsini, hawana muda wa kuuliza, wewe ndio umwambie. Na kitu cha kuangalia ni kama mstari wake unapanda. Uko chini lakini unapanda sambamba na ile ya kitabu, endelea. Ukilala ama ukianza kushuka, hapo rudi kwa daktari wa watoto haraka.

SistaWaNasari

Naongezea kwa mama Jabali kwa sababu hapa watu huchanganyikiwa: CHANJO HAZIREKEBISHWI. Wiki 6, 10 na 14 ni kutoka siku aliyozaliwa, hata kama ni mdogo. Wazazi wengi wanakuja miezi minne wakisema tulikuwa tunangoja afikishe kilo. Yeye ndio anaihitaji zaidi, kifaduro na nimonia zikimpata yule mdogo zinamlaza vibaya. Ile ya BCG, ya kukinga kifua kikuu, inayodungwa mkono, peke yake ndio hospitali nyingi huchelewesha mpaka aongeze uzito, kwa hivyo kama hakupewa akitoka hakikisha mtu anaikumbuka.

Na matone ya kuongeza damu jamani. Mtoto anapokea madini ya chuma kutoka kwa mama ile miezi mitatu ya mwisho, njiti alitoka kabla apewe, na maziwa ya mama hayana ya kutosha kumjazia. Kwa hivyo zile dawa za matone za chuma na vitamini D sio za kuongeza hamu, usiziache chupa ikiisha, rudi uandikiwe nyingine, na kiasi kinabadilika akiongeza kilo. Zikimfanya choo kiwe cheusi ni kawaida.

Halafu mkiwa nyumbani, ukiona hizi usingoje tarehe ya kliniki, njoo usiku huo: amekataa kunyonya, anapumua mbio mara 60 na zaidi kwa dakika, kifua kinaingia ndani, anagumia, amekuwa baridi ama moto, nyayo na viganja vimekuwa vya manjano, amestuka stuka mwili, ama amelegea huamshiki. Njiti hanaga nguvu ya kulia sana akigonjeka. Ananyamaza. Kunyamaza kwake usikufurahie.

FizioMsa_Rd

Nimeitwa huku na mtu. Nafanya fizio ya watoto, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na ninaomba niseme kuhusu mwili na ubongo kwa sababu wengi huletwa kwangu wakiwa na miaka miwili na walionyesha dalili wakiwa na miezi minne.

Tumia umri uliorekebishwa vile mmeambiwa. Akiwa miezi minne na shingo bado haishiki kabisa, akiwa na ngumi zimefungwa kila wakati hata akiwa ametulia, ukimwinua miguu inakakamaa na kupishana kama makasi, ama ukibadilisha nepi mapaja hayafunguki, mlete. Na hii nyingine wazazi wanaipenda: "mtoto wangu ni wa mkono wa kushoto, ameanza mapema." Kabla ya mwaka mmoja mtoto anatakiwa kutumia yote miwili. Akichagua mmoja tu na ule mwingine umekaa kando, sio kipaji hicho, upande mmoja hauna nguvu. Kulegea sana pia ni dalili, sio kukakamaa peke yake.

Sio kila njiti anapata mtindio wa ubongo, wengi hawapati. Lakini ubongo wa mtoto ule mwaka wa kwanza na wa pili unajifunza haraka sana, zoezi la leo miezi mitano lina kazi kubwa kuliko zoezi hilo hilo akiwa na miaka mitatu. Na zoezi lenyewe ni la nyumbani! Mimi nakuona mara moja kwa wiki, wewe uko naye siku nzima. Mlaze kwa tumbo akiwa macho, kwa kifua chako ukiwa umeegemea, dakika chache mara nyingi. Muongeleshe uso kwa uso. Ukimbeba badilisha bega. Woka za magurudumu usinunue, hazimfunzi kutembea na zinaangusha watoto kwa ngazi.

Na tepu ya kichwa mdai ipimwe kila kliniki. Wanapima uzito wanasahau kichwa. Kichwa kikikua haraka kupita kiasi ama kikisimama, utosi umefura, hiyo ni ya daktari siku hiyo. Njiti wengine walivuja damu kidogo ndani ya ubongo siku za kwanza na wanahitaji skani ya utosi, uliza kama ilifanywa na majibu yako wapi. Hospitali kubwa za umma kama Kenyatta na Mama Lucy kuna fizio, APDK, lile shirika la watu wenye ulemavu, pale Waiyaki Way pia.

Akinyi_Pipeline

Yote mnasema ni kweli na nimeandika kwa daftari, lakini wacha niseme upande wa kazi kwa sababu hiyo ndio inatufanya tukose hizo kliniki. Sheria ya kazi ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara kamili. Mimi nilizaa wiki 28. Miezi mitatu ilipoisha mtoto wangu ndio alikuwa anafika siku ile alipaswa kuzaliwa, yaani kwa hesabu yenu ana siku sifuri, na mimi natakiwa nirudi kusimama kwa mashine. Nusu ya hiyo likizo nilimaliza nimekaa kwa benchi ya nasari nikikamua maziwa kila masaa matatu. Mwajiri akaniambia sheria ni sheria. Baba ni wiki mbili, hata mtoto alikuwa hajatolewa mrija wa pua.

Kliniki ya macho ni siku hii, ya uzito ni siku ile, fizio siku ingine, nani atakupa ruhusa yote hiyo? Naomba kama kuna mtu hapa anajua mbunge ama mtu wa chama cha wafanyakazi aongee, likizo ya mama wa njiti ihesabiwe kuanzia siku mtoto anatoka hospitali. Na hospitali nazo ziweke hizo kliniki siku moja, mtoto apimwe macho, masikio, uzito, fizio, aende nyumbani. Nauli ya Pipeline mpaka tauni na kurudi na mtoto mdogo kwa matatu yenye watu wanakohoa sio mchezo.

BabaWaGithurai

Akinyi hiyo ya siku moja ni ya maana kabisa. Hata kwa pesa, SHA, bima ya afya ya serikali, tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 watu wengi bado hawajaandikisha watoto wao, wanakumbuka siku ya kulipa. Mtoto aandikishwe akiwa bado wodini, baba hiyo ni kazi yako usimwachie mama. Na uliza mapema ni cheki gani italipiwa na gani utatoa mfukoni, ndio usifike dirishani urudishwe.

Shosho_Dagoretti

Watoto wangu, Mungu awabariki kwa haya mafunzo. Nauliza, mjukuu wangu njiti kitovu kimetokeza kimefura, nimemfunga na shilingi ishirini na kitambaa vile tulifanya zamani. Mama yake amekasirika ameitoa.

SistaWaNasari

Shosho shikamoo. Mama yake amefanya vyema, msamehe. Kitovu cha kutokeza njiti wengi wanakuwa nacho na kwa kawaida kinarudi chenyewe akikua, ile shilingi inaweza kumchubua ikaleta maambukizi na haisukumi kitu. Lakini nisaidie na jicho lako la shosho hapa: ukimwogesha angalia kinena, pale paja linakutana na tumbo, na kwa wavulana mpaka kwa korodani. Uvimbe wa hapo haurudi wenyewe, unataka upasuaji, na ukiwa mgumu, mtoto analia na kutapika, ni hospitali saa hiyo hiyo. Njiti wanaupata kuliko wengine.

Shosho_Dagoretti

Haya nimesikia. Nitaangalia leo jioni.

MamaZawadi_Mukuru

Naomba msaada jamani, nimesoma yote na moyo unanienda mbio. Nimetoka hospitali Ijumaa. Mtoto ni wiki 30, kilo 1.35 alipozaliwa, leo ana wiki nne na siku mbili. Karatasi imeandikwa "rudi wiki mbili kupima uzito". Hakuna mahali imeandikwa macho. Nifanye nini, ningoje hizo wiki mbili?

SistaWaNasari

Usingoje. Kesho asubuhi rudi pale pale nasari alipotoka, sio kwa kliniki ya nje, enda mpaka mlangoni na karatasi yako ya kutoka, umwambie sista wa zamu: mtoto wangu ni wiki 30, kilo 1.35, ana wiki nne, hajachekiwa macho, naomba barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Sema hizo namba tatu vile nimeziandika. Wakisema hawana huyo daktari uliza wanatumanga wapi, na usitoke bila jina la mahali na siku. Hakikisha wameandika pia siku ngapi alikaa kwa oksijeni.

MamaJabali_Donholm

Na mama Zawadi niandikie kwa inboksi, nko Donholm, Mukuru sio mbali. Kama hauna mtu wa kwenda naye nitakuja.

MamaZawadi_Mukuru

Nimeenda leo. Sista wa kwanza alisema nirudi wiki mbili, nikasimama hapo nikarudia zile namba, akaita mwingine, huyo akaniandikia barua na kupiga simu. Ni Jumanne saa mbili asubuhi. Wameniambia nimnyonyeshe mapema, asinyonye saa moja kabla ya cheki ndio asitapike. Mama Jabali nimekutumia mesegi.

MamaJabali_Donholm

Nimeiona. Jumanne saa kumi na mbili na nusu niko stejini. Beba kofia mbili, nepi za kutosha, kitabu, ile barua na karatasi ya kutoka, na maziwa kidogo umekamua kwa kikombe chenye kifuniko, atayataka akimaliza kulia. Chai ya asubuhi usiiache, tutakaa huko muda.